Jani la Mrehani kwenye Sahani ya Thakorji

Jyoti na Bharti, ninyi mnaanza Jumatatu, mimi ninaacha Jumapili. Nina miaka kumi na saba, kwa hiyo msicheke nikisema nimestaafu. Nimeitumikia nyumba hii ya ibada, hapa Walthamstow, London, miaka sita, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na Ramesh Bhai wa kamati ameniomba niwaandikie maelekezo kidogo. Yeye alitaka ukurasa mmoja. Kusema mbele za watu siwezi, midomo hunikauka, lakini nikipewa daftari sijui kunyamaza. Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mmetoka Moshi juzijuzi na Kiingereza bado kinawatoa jasho, na Kigujarati sote watatu tunajua cha jikoni tu, kukisoma hapana. Tena kazi hii mimi mwenyewe nilifundishwa kwa Kiswahili.

Aliyenifundisha ni Kanta Masi. Masi maana yake mama mdogo. Hakuwa ndugu yetu, lakini hapa kila mtu alimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja, akafiwa na mume Unguja, na baada ya Mapinduzi akaondoka na mwanawe mmoja na kapu moja la mchele. Ndani ya mchele alikuwamo Thakorji. Ndiye yule mtakayemkuta chumba cha mbele: Bwana Krishna wa shaba, urefu wake kama kiganja, mguu mmoja umepita mbele ya mwingine. Shuleni Tanga, nilikotoka, wenzangu waliwaita wa namna yake sanamu. Sikubishana nao, na ninyi mkisikia watu wanasema hivyo msibishane. Ila kwa Masi alikuwa mtu wa nyumbani asiyeweza kujihudumia. Huamshwa kwa wimbo, huogeshwa maji ya uvuguvugu, huvishwa, hulishwa, hulazwa. Baridi ikiingia huvaa sweta. Ziko nane, kwenye droo ya pili. Ile ya kijani yenye mkono mmoja mrefu ni kazi yangu.

Jambo moja lazima mlijue tangu sasa, la sivyo hamtaelewa ninayoyaandika baadaye. Tangu akiwa na miaka tisa, Masi hakutia mdomoni kitu ambacho hakijapita mbele ya Thakorji. Si wali tu. Chai, embe, kidonge cha kichwa. Siku walipotoka Unguja alikaa kutwa nzima na njaa kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumwekea Bwana sahani yake. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anamenya viazi, na hakusimulia kama jambo la ajabu.

Siku yangu ya kwanza sikuja kwa ibada. Mama alikuwa na zamu ya asubuhi kiwandani na hakutaka nibaki peke yangu ndani, basi akaniacha hapa kama mtu anavyoacha mzigo kwa jirani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, koti la kaka yangu, na aibu iliyonizidi kimo. Masi hakuniuliza jina. Alinipa bonge la pamba, akasema, "Sokota tambi za taa." Nikasokota. Alipozitazama aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi tambi au mikia ya panya?"

"Mikia ya panya, Masi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nadhani ndipo nilipoajiriwa. Kuhusu vyeo, nilipanda mara moja tu, kutoka kuosha vyombo vya watu hadi kuosha vyombo vya Mungu. Mshahara ni uleule.

Sasa kazi yenyewe. Shaba huoshwa kwa ukwaju na maji ya moto. Ramesh Bhai atawaletea dawa ya chupa kutoka dukani, mpokeeni, mshukuruni, muiweke chini ya sinki. Kipande cha mti wa sandali, cha kumpaka Bwana, husagwa juu ya jiwe kwa matone machache ya maji; mkizidisha hupata uji. Tambi zilowekwe kwenye samli tangu jana yake. Kengele hushikwa mkono wa kushoto, taa mkono wa kulia. Mkianza kuchanganya, acheni kengele, msiiache taa, maana zulia limeshaungua mara moja na doa lake liko chini ya kiti cha Swamiji, mwalimu wetu wa dini, ambaye huja mara mbili kwa mwaka na bado hajaliona.

Chakula cha Thakorji hakionjwi. Chumvi mtaikisia. Ua au jani la kumpelekea halinuswi, kwa sababu mkishalinusa limekuwa lenu na yeye mnampa makombo. Mimi mwanzoni nilikuwa nikibeba waridi nimebana pumzi kama mtu anayepita karibu na jaa. Mkishaweka sahani mbele yake, teremsheni pazia mtoke. Robo saa. Kabla ya kuingia tena pigeni makofi matatu, taratibu, kwani hata binadamu hapendi kuingiliwa akiwa na tonge mkononi.

Na juu ya kila chakula huwekwa jani la tulasi. Mnaijua, ni ndugu yake mrehani na kivumbasi, jani dogo lenye vinyweleo, kali kidogo kama karafuu. Bila jani hilo Bwana hali. Chakula kinakaa pale, pazia linashuka, pazia linapanda, na hakuna aliyekula. Ndivyo Masi alivyofundishwa na bibi yake, ndivyo alivyonifundisha mimi. Mche wetu ulitokana na mbegu zilizokuja ndani ya bahasha kutoka Tanga, ukakaa ghorofani, chumba cha nyuma, dirishani.

Chumba hicho ndicho cha kukaa kimya nusu saa kila asubuhi. Vitabu vya Swamiji vina jina refu kwa jambo hilo. Masi alisema tu, "Haya, tukakae." Nitawaambia kweli: katika miaka sita nilituliza akili labda mara tatu, na mara moja kati ya hizo nadhani nilisinzia. Miguu hufa ganzi. Redio ya jirani husema hali ya hewa. Chini, upande wa sokoni, watu wanapanga meza zao na kupigiana kelele.

"Masi," nilimwambia siku moja, "akili yangu inakwenda sokoni."

"Iache iende. Ikirudi iulize bei ya nyanya."

Watu wa kila namna walikuja kukaa. Yule aliyenishinda ni mzee mmoja dereva wa basi, aliyekuwa akija na sare zake kabla ya zamu. Alikaa nyuma, karibu na mlango, akalia. Kila siku, bila sauti, machozi yanashuka tu kwenye vifungo vya koti. Kisha Masi alimpa prasadi, yaani chakula kilichokwisha kuliwa na Bwana, akakipokea kwa mikono miwili akaenda kuendesha basi lake. Nikamuuliza Masi ana nini. Akaniambia, "Akitaka kusema, ana mdomo." Sikuuliza tena. Mwaka uliofuata mzee hakuja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake, wala mahali pa kwenda kumwulizia. Hilo lilipaswa kunifundisha kitu. Halikunifundisha. Mimi nilichoshika ni kwamba katika nyumba hii watu hawaulizani, na kwa mtu mwenye aibu kama yangu hiyo ilikuwa raha kubwa.

Nilipofika miaka kumi na tano Masi alikuwa hawezi tena ngazi. Magoti yalikataa, macho yote mawili yaliingia mtoto wa jicho, na kisukari kikamkondesha. Ulimi nao ulikwisha. Alisema kila chakula kina ladha ya gazeti. Akabaki chini na Thakorji, mimi nikawa miguu yake. Nilipika, nilipanda kumwagilia tulasi, nilichuma jani asubuhi nikashuka nalo. Daktari alimwandikia vidonge, akamwonya kwamba vinataka chakula juu yake, kwa saa zilezile, bila kukosa. Masi akasema sawa, Thakorji naye atakula kwa saa zilezile. Mara moja tu nilichelewa kupika kwa sababu treni ilisimama njiani. Nilimkuta ameanguka kati ya sinki na meza, jasho limemjaa usoni, kidonge ameshakimeza na chakula hakijapita mbele ya Bwana. Bakuli la sukari lilikuwa juu ya meza, kijiko kimoja kingemwinua, na mkono wake ungelifikia. Hakuligusa.

Basi Novemba iliyopita nikaiua tulasi.

Chumba cha nyuma tulikipasha moto kwa hita ya mafuta ya taa, na moshi wake ulikuwa unayanyong'onyeza majani. Asubuhi hiyo nikafungua dirisha kidogo mche upate hewa. Nilikuwa na mtihani wa majaribio wa hesabu, nikashuka mbio, nikaenda. Niliporudi hita ilikuwa imezimika, chumba ni barafu, na majani yote yamekuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Nikasubiri siku mbili, nikitumia kwenye sahani majani machache yaliyokuwa kwenye bilauri jikoni. Mche haukuinuka. Siku ya tatu niliuzungushia gazeti nikautia kwenye pipa la taka la kaunsili. Mti wa tulasi hautupwi jaani, hupelekwa mtoni kwa heshima. Nililijua hilo nikiwa nafunika pipa.

Fikra zangu zilikuwa hizi, na nimezirudia mara nyingi kuona zilipovunjika. Hakuna jani, Thakorji hali. Thakorji hali, Masi hali. Masi hali, na vidonge anameza. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwambia Ramesh Bhai, ambaye ana gari na jamaa kila mji. Lakini ningelazimika kusimama mbele ya watu niseme, ni mimi, niliacha dirisha wazi. Nikaona heri nitembee.

Karibu na kituo kuna duka la mama mmoja wa Saiprasi, na dirishani mwake, juu ya bomba la joto, alikuwa na chungu cha mrehani kilichonawiri kama kiko Pemba. Nikamwomba majani kidogo. Akanichumia konzi nzima.

"Mama yako anapika nini?" akaniuliza.

"Samaki," nikasema. Mama hajapika samaki maishani mwake; kwetu samaki haliwi.

Nikachagua majani madogo kuliko yote, nikaweka moja juu ya khichadi, wali uliopikwa pamoja na choroko, nikateremsha pazia, nikahesabu robo saa, nikapiga makofi. Masi hakulinusa kabla kwa sababu hatunusi. Hakuliona kwa sababu hakuona. Alikula bila kujua ladha kwa sababu ulimi ulikwisha. Mimi nilisimama jikoni nikisubiri nyumba iniangukie, na Masi akasema, "Leo khichadi imelainika vizuri, mwanangu."

Kila asubuhi aliniuliza, "Tulasi haijambo?" Kila asubuhi nikajibu, "Haijambo, Masi." Mara ya kwanza nilijibu nimempa mgongo. Kufika Krismasi nilikuwa nikijibu huku nakoroga sufuria. Niliandika barua Tanga kuomba mbegu, nikijiambia zikifika zitaota, uongo utakuwa ukweli, na hakuna atakayeumia. Mbegu hazikufika.

Februari, Jumapili, alikuja Savita Ben, yaani dada Savita, mama wa Mombasa aliyekuwa London kumtembelea mwanawe. Sauti yake ilifika kabla yake. Watu kama kumi walikaa chumba cha mbele baada ya ibada, nami nikagawa prasadi. Kwa kawaida jani nililitoa kabla ya kugawa. Siku hiyo niliona haya kutia vidole sahanini mbele ya wageni, nikagawa hivyohivyo, na jani likamwangukia yeye.

"Ala! Kanta Ben," akasema, akilitafuna, "siku hizi Bwana mwamlisha kama bwana harusi? Nani katia mrehani humu? Au jioni twala biriani?"

Watu wakacheka. Ramesh Bhai alicheka zaidi. "Savita Ben, ndiyo London hii," akasema. "Hata tulasi imepata pasipoti mpya!"

Masi hakucheka. Alinyoosha kiganja. "Lililobaki. Nipe."

Savita Ben, kicheko bado mdomoni, akampa kipande cha jani. Masi akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, pole pole, akitafuta vile vinyweleo. Kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikiinua puani akanusa.

"Hansa."

"Naam, Masi."

"Tangu lini?"

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Nikasema, "Tangu Novemba."

"Mti uko wapi?"

"Ulikufa. Niliutupa."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alisema, "N'nakuuliza kitu kimoja. Kwa nini hukuniambia?" Hakungoja, akaendelea mwenyewe, kama anayefundisha, kama siku ya tambi. "Jani la tulasi halichakai. La jana unaliosha, unaliweka tena leo. Likikauka unaliweka likiwa kavu. Kijiti chake kinatosha. Hizi shanga shingoni mwangu ni za mti huohuo, mwanangu. Ungeniomba moja tu, ukaichovya kwenye maji, Bwana angekula."

Hilo hakuwahi kunifundisha, kwa sababu katika miaka yote hiyo mche ulikuwa mzima na halikumjia. Nami sikuuliza. Jawabu lilikuwa limemning'inia shingoni miezi mitatu, nami nampelekea sahani.

Siku tatu baada ya hapo hakula wala kunywa, kwa kuwa Bwana alikuwa ameshinda na njaa miezi mitatu, yeye akila. Ramesh Bhai alipiga magoti jikoni, mtu mzima na tai yake, akamsihi. Siku ya nne tuliita ambulansi. Hospitali walimlisha kwa mshipa, na alipopata nguvu mwanawe akamchukua kwake Barking. Thakorji hakumchukua. Alisema abaki na wanaomhudumia. Waliobaki nilikuwa mimi.

Nikaendelea. Ramesh Bhai alipata mche mpya kwa jamaa zake wa Leicester, ndio huo mtakaoukuta, na dirisha lake nimelipiga misumari. Nilifanya kila kitu sawasawa, sijawahi kufanya vizuri hivyo, tambi zangu sasa zinawaka mpaka mwisho. Lakini nikifika mbele ya pazia nikapiga makofi, najiona kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nikikaa ghorofani ile nusu saa, akili haiendi tena sokoni. Haiendi popote.

Mwezi uliopita nilikwenda Barking. Nilipika siro, halua ya semolina na samli, nikaiweka mbele ya Thakorji na jani la tulasi juu yake, pazia, robo saa, makofi, nikaifunga kwenye kitambaa nikapanda treni nikiwa nimeikumbatia ipate kufika na joto. Nilidhani, akila hii tu, basi. Sikuomba zaidi ya hilo.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha la flati, shali mabegani, televisheni imewashwa bila sauti. Mkwewe alikuwa kazini. Nikampa bakuli mikononi.

"Umeweka nini?"

"Tulasi, Masi. Ya kweli. Nimeichuma mwenyewe asubuhi."

Alilipapasa lile jani kwa ncha ya kidole. Akaliacha, akaweka bakuli juu ya kizingiti cha dirisha, taratibu, kama kitu cha mwenyewe anayekuja kukichukua. Kisha akapeleka mkono kwenye kopo la biskuti lililokuwa pembeni yake, biskuti za dukani zenye sukari juu, alizokatazwa, akatoa moja akaitia mdomoni. Nilimwona akitafuna. Miaka sita sikuwahi kumwona akila kitu bila pazia kupanda kwanza.

"Masi," nikasema, "hiyo haijapita kwa Thakorji."

"Haijapita."

"Bado umenikasirikia?"

"Sikukasirikii, mwanangu. Ulitaka nile. Si ndiyo nakula?" Alipangusa chenga kwenye shali. "Nimekaa hapa nafikiri. Miezi mitatu uliniambia Bwana amekula, nami nikala, na tumbo langu halikujua. Moyo wangu haukujua. Nilikuwa nalala vizuri. Basi zile siku nyingine, miaka sitini, kule Unguja, Dar, hapa, nilikuwa najua nini? Hebu niambie. Nilikuwa najua, au mtu alikuwa ananiambia tu?"

Nilitaka kumwambia kwamba siku nyingine zote tulasi ilikuwa ya kweli. Maneno nilikuwa nayo, nimeyaandika hapa bila taabu. Pale sikuweza kutoa hata moja.

Alitafuta kopo tena kwa kupapasa, akatoa biskuti nyingine, akaielekeza upande niliokuwapo.

"Umetoka mbali. Kula."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikala. Ilikuwa tamu, na hakuna kilichotokea.